Sinia Juu ya Paa

Hapo zamani, na sisemi zile za sungura kulima na fisi kupalilia, nasema hizi za juzijuzi ambapo hata mimi nilikuwa na meno yangu yote, palikuwa na mwanamke mmoja Singida aitwaye Bi. Tatu Msengi. Tegeni masikio, maana nikifika mwisho sitawapa jibu, nitawapa kazi.

Bi. Tatu aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu. Watu walidhani sasa atafuga kuku. Yeye akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi, na kijidirisha paani cha kuingiza hewa. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Nyumba anayo, sasa anataka nyingine yenye matairi!" Bi. Tatu akawaacha wacheke. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama yake mzazi.

Mama yake, Bibi Salima, alikuwa na dada mmoja tu duniani, Mariamu, aliyeolewa Bukoba. Nyonga za Bibi Salima zilikuwa zimechoka, hawezi kukaa kwenye kiti cha basi hata kufika Nzega. Akisafiri, sharti asafiri amelala. Na huyo Mariamu macho yake yalikuwa yanaingia kiza. Alikuwa ametuma neno: "Njoo upesi, mdogo wangu, ningali naona sura."

Basi Bibi Salima akalazwa kitandani, gari likatolewa kujaribiwa. Lilipofika barabara kuu na kushika mwendo, upepo ukapenya chini ya mfuniko wa kile kijidirisha, paa likaanza kulia. Halikupiga mluzi, lililia kama mtu mzima aliyefiwa. Uuuuuwi!

"Nirudishe nyumbani," akasema Bibi Salima.

"Mama, ni upepo tu huo."

"Nyumba ikilia, ina msiba. Siendi kwa Mariamu na matanga juu ya kichwa."

Bi. Tatu akapunguza mwendo mpaka baiskeli zikawapita. Paa likanyamaza. Bibi Salima akachungulia nje, akasema, "Kwa mwendo huu nitamkuta dada ananipapasa." Na kuziba kijidirisha haikuwezekana, maana mama angekosa hewa. Bi. Tatu akageuza gari. Siku hiyo hakula.

Akawaita jamaa zake watatu, akawaambia: "Atakayeninyamazishia paa hili, ndiye atakayekaa kiti cha mbele, kando yangu, mpaka Bukoba." Kitanda cha pili kilijaa mizigo ya Bukoba, kiti kilikuwa kimoja, na asiyekitaka hakuwapo.

Wa kwanza kusimama alikuwa shemeji yake, Kitundu, fundi wa kuchomelea. "Shemeji, hapa dawa yake ni kikinga upepo. Nipe bati gumu lililopinda, tulisimamishe kando ya dirisha, upepo upite juu uende zake." Lakini mabati ya dukani yalikuwa mepesi, ukiyapuliza yanakunjika. Kitundu akakuna kichwa.

Wifi yake, Zuhura, akaingia ndani kimyakimya, akatoka na sinia lake la pilau. Pana, zito, ukingo umeinuka, alilopewa na Bibi Salima mwenyewe siku aliyoolewa. "Likateni," akasema, akageuka asilione likikatwa. Tangu siku hiyo pilau la nyumba ile likawa linapakuliwa kwenye beseni. Beseni jipya, lakini beseni ni beseni, na mumewe akila huku amenuna.

Kitundu akakata sinia nusu, akalichonga, akapanda nalo paani. Akiwa huko juu akauliza, "Shemeji, upepo unatoka wapi?"

Sasa muulize mtu wa Singida upepo unatoka wapi! Unatoka mashariki, tangu enzi za mababu, hata moshi wa jikoni unajua njia yake. Bi. Tatu akanyoosha kidole mashariki bila kufikiri. Na gari lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama magharibi. Kitundu akalifunga sinia upande wa mashariki wa dirisha, akakaza skrubu. Upepo wa uani ukavuma, paa kimya. Vigelegele! Kitundu akashuka, akaulizia kama kile kiti cha mbele kinalazwa nyuma mtu akitaka kusinzia.

Kesho yake wakatoka barabarani. Lo! Paa lililia kuliko mwanzo, maana sasa sinia lilikuwa likiudaka upepo na kuurudishia dirishani. Bibi Salima akaanza kusoma dua.

Wa tatu alikuwa Gunda, binamu yake, mwenye kitambi. Siku zote hizo alikuwa ameketi kwenye kigoda anatafuna karanga na kukosoa. Binamu ni mtani, hana simile. Aliposimuliwa alicheka mpaka karanga zikampalia. "Binamu! Umeendesha magari maisha yako yote! Gari likienda, upepo unatoka mbele, mashariki ikae inapotaka. Sinia mmelifunga matakoni mwa dirisha. Lileteni usoni." Hakupanda. Hakushika spana. Alisema hayo, akarudia karanga zake.

Kitundu akapanda tena, jua la mchana likimchoma kisogo, akang'oa, akahamisha, akaziba matundu ya skrubu za kwanza. Wakatoka. Mwendo ukakolea.

"Mbona hatuendi?" akauliza Bibi Salima kutoka kitandani.

"Tunakwenda, Mama. Kwa kasi."

"Haya," akasema, akasinzia. Bi. Tatu akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasingizia vumbi.

Asubuhi ya safari, akakuta mabegi matatu mlangoni mwa gari.

"Nimepanda mimi, nikapanda tena," akasema Kitundu. "Mikono iliyonyamazisha paa ndiyo hii."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyolizidishia kilio," akasema Gunda. "Lilinyamaza kwa neno langu. Kabla yake mlikuwa na sinia bovu na bibi anayesoma dua."

"Jasho la Kitundu limekauka," akasema Zuhura, "na neno la Gunda bado analo mdomoni, anaweza kulisema tena. Sinia langu mimi halirudi."

Bi. Tatu akawatazama mmojammoja. Lakini kilichomkereketa rohoni hakikusemwa na yeyote. Kidole kilichoonyesha mashariki kilikuwa chake. Gunda alimtania yeye kwa neno moja tu, kisha akamcheka Kitundu siku nzima kwa kosa lile, na Kitundu, ambaye angeweza kusema, alinyamaza. Bi. Tatu naye alinyamaza, na sasa aliona aibu. Akimnyima Kitundu kiti kwa ajili ya kosa, anamwadhibu kwa kosa la nani? Na akimpa kwa sababu ya aibu yake, Zuhura amemkosea nini? Na je, Gunda apigwe chenga kwa kuwa tu anacheka sana?

"Tatu!" Sauti ikatoka ndani, kitandani. "Macho ya Mariamu hayangoji mabishano yenu. Washa gari!"

Bi. Tatu akaliwasha. Akainama, akaufungua mlango wa mbele kwa ndani, na wote watatu wakapiga hatua moja.

Haya, ninyi mnaotabasamu. Gari linanguruma, mlango uko wazi, na bibi anasubiri. Je, nani alistahili kupanda?