Kiboko, Pimbi na Mtandao Uliokatikakatika

"Mpo?"

"Tupo."

"Na mtandao upo?"

"Unakuja, unakwenda."

"Basi nipeni masikio kabla haujakwenda."

Hapo kale, si kale sana kwa kuwa simu zilikuwepo, wanyama walipenda mchezo wa mbio za mtandaoni. Seva, ile mashine inayowaunganisha wachezaji wote, ilikuwa kwa Kiboko, kando ya bwawa. Kila mchezaji aliweka tikiti maji moja, na mshindi alizoa yote. Lakini Kiboko, naye mchezaji, aliweka sharti: "Atakayekatika katikati ya mchezo, tikiti lake ni la anayelinda seva."

Na mlinzi wa seva alikuwa nani? Kiboko huyo huyo.

Pimbi alicheza kwa ajili ya dada yake, Tunu. Tunu aliolewa majabali ya ng'ambo, na siku hizi walikutana mchezoni tu, wakikimbia pamoja na kutaniana. Pimbi alimpenda sana dada huyo.

Jioni wanacheza. Kidogo tu, kata! Swala nje. Kidogo tu, kata! Kanga nje. Kidogo tu, kata! Tunu na Pimbi nje. Kiboko anatafuna, kacha kacha kacha. "Poleni. Ni mtandao huo."

Siku moja Tunu akasema, "Mdogo wangu, nakupenda, lakini wanangu hawali mapenzi. Tukikatika kesho, siji tena."

Roho ikamuuma Pimbi. Akabadili simu: kata! Akasogea karibu na bwawa: kata! Akajaribu Kiboko akiwa majini anaoga: mtandao shwari. Akachungulia, akaona waya wa seva umepita pale pale Kiboko anapoketi. Kiboko akishusha makalio, waya unabanwa. Akiinuka, unapumua. Sasa nani wa kumwambia Kiboko ahamishe makalio yake?

Kesho yake Pimbi akaenda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulilia tikiti lako?"

"La, mzee. Nimekuja na habari njema. Mtandao unapotea kwa kukosa pa kutua. Mwenye kinywa kikubwa akisimama kilimani akakipanua, mtandao hutua humo, na matikiti hufuata."

"Yote?"

"Yote. Ila usifumbe, yatakugonga meno."

"Na seva?"

"Nitakulindia, mzee wangu."

Jioni, mchezo ulipokwisha kuanza, Kiboko akaacha simu, akapanda kilima, ti! ti! ti! Akapanua kinywa, aaaa. Pimbi akaketi mahali pake, na makalio ya pimbi hayabani hata uzi. Mchezo ukaenda mpaka mwisho. Tunu akashinda, akacheka, na Pimbi akalia kwa furaha kusikia kicheko hicho.

Kiboko akarudi, taya zimekauka. "Matikiti yako wapi?"

"Dada ameyashinda."

"Hata langu?"

"Lako hapana, mzee. Wewe ulikatika katikati ya mchezo, na mlinzi wa seva leo ni mimi." Kacha kacha kacha. "Pole. Ni mtandao huo."

Tangu hapo Kiboko hupanua kinywa hata majini. Wasiojua husema anapiga miayo. Masikini, angali anangoja matikiti.

Funzo, wanangu: mtandao ukikatika, msichunguze wala msiulize. Laumuni hewa, mkalale. Mkubwa hakosei, na aliyeketi asiguswe.

Waya wangu umeishia hapo. Ukiwanogea, mvutieni jirani, usipowanogea, uchomoeni.