Mbwa Aliyedaiwa Kaburini

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Aliye karibu asinisukume, aliye mbali asogee. Hadithi yangu ina meno, ila haimng'ati asiyeichokoza.

Hapo kale palikuwa na kijiji juu ya mlima, na jumbe wake aliitwa Sekiondo. Palikuwa na msichana pia, Semeni. Alikaa na mama yake nyumba ya mwisho, karibu na jalala. Alisoma kidogo, kisha akatolewa shule akachote maji. Kuchota akachota. Kunyamaza hakunyamaza.

Asubuhi moja akaenda kumwaga majivu. Akasikia kitu kinalia. Akafunua majani ya mgomba. Mbwa! Mbavu nje, sikio limechanika, shingoni kamba imezama mpaka kwenye nyama. Mwenyewe nani? Hakuna. Katoka wapi? Hajulikani. Semeni akaikata ile kamba kwa kisu cha kumenyea mihogo. Akampa maji, akampa ukoko wa ugali, akampa gunia la kulalia.

Sasa, kijijini mayai yalikuwa yanapotea. Jumbe akasema, "Mwizi ni yule mbwa." Alimwona? Hakumwona. Nani alimwona? Hakuna. Lakini jumbe akisema, amesema.

Akaja na fimbo.

"Wee Semeni! Mtoe huyo nimmalize. Mbwa asiye na mtu ni mkosi."

"Shikamoo, jumbe. Ana mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Jumbe akacheka. "Wewe si mtu. Wewe mtoto."

Semeni akaketi mlangoni, akaimba:

*Ana mtu, ana mtu,*
*mtu wake ni mimi!*

Nanyi itikieni: Ana mtu!

— Ana mtu!

Kumburura binti wa watu mlangoni kwa mama yake ni aibu. Jumbe akarudi.

Kesho yake akaja na panga.

"Nimesema mtoe!"

"Ana mtu."

"Mtu gani? Hata shamba hana!"

"Mimi." Akaketi, akaimba. Itikieni!

— Ana mtu!

Mara ya tatu jumbe alikuja na kamba, Semeni akiwa kisimani. Wakakutana njiani, jumbe anavuta, mbwa anaburuzwa. Semeni akatupa ndoo.

"Jumbe, huyo ana mtu!"

"Mtu gani? Wewe hata shule walikutoa!"

Hapo Semeni hakuimba. Akasema polepole tu, "Mimi."

Jumbe akamfunga mbwa kwenye mfenesi nje ya nyumba yake. Akainua panga. Mara, kilio ndani! Shangazi yake jumbe, aliyekuwa mgonjwa, amekata roho. Panga likashuka bila kukata.

"Kwanza tuzike," akasema. "Tukitoka makaburini, namkata."

Wanaume wakaenda kuchimba, wanawake wakainjika masufuria. Nani apeleke habari bondeni kwa watani? Jumbe akatazama huku, akatazama huku. "Wewe Semeni, miguu unayo, kazi huna. Teremka ukawaambie tuna msiba."

Ngojeni. Wale watoto wasiojua watani ni nani, sikilizeni. Watu wa mlimani na watu wa bondeni walipigana zamani. Walipopatana, wakaapa kutaniana. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akija msibani akadai kitu, hanyimwi. Akinyimwa, hamziki.

Semeni hakutembea, alikimbia. Akamkuta Bi Mwasiti, mkubwa wa watani, anapura ufuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Enyi wa mlimani, hamjafa mkaisha tu?"

"Kafa mmoja, bibi. Shangazi wa jumbe."

"Ee! Na kanga zake nzuri kamwachia nani?" Akacheka, kisha akageuka akafuta macho, maana walikuwa marafiki.

Semeni akamuuliza, "Bibi, mahindi yako analinda nani?"

"Makelele yangu. Nguruwe wameshayazoea."

"Basi nina mlinzi. Ila leo anakatwa." Akamweleza yote, kamba, mayai, mfenesi.

Bi Mwasiti akajifunga kibwebwe. "Nipe hilo sufuria." Akalivaa kichwani. Wakapanda mlima.

Maiti imefika, kaburi liko wazi, watu wamesimama juani. Bi Mwasiti akapita katikati yao, sufuria kichwani, akashuka mle kaburini, akalala chali.

"Pana baridi nzuri humu. Sitoki!"

Watu wakacheka na machozi yao. Jumbe akasema, "Mtani, toka tuzike. Taja unachotaka."

"Chochote?"

"Chochote." Alikuwa amemwandalia mbuzi.

"Wote mmesikia, kasema chochote. Nataka yule mbwa wa kwenye mfenesi."

"Ah! Yule hapana. Chukua mbuzi."

"Nileteeni mto."

"Chukua mbuzi wawili!"

"Na shuka pia. Humu mna mbu?"

"Mtani, yule mbwa hana mtu!"

Nyuma ya watu sauti ikatoka: "Ana mtu!" Ni Semeni. Mama yake akadakia: "Ana mtu!" Wachimbaji wakaegemea majembe yao: "Ana mtu!" Nanyi je?

— Ana mtu!

"Mtu gani?" jumbe akauliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mimi," akasema Semeni. "Na mimi nimempa mtani."

Jumbe akatazama maiti, akatazama jua. "Mfungueni."

Shangazi akazikwa vizuri. Bi Mwasiti akaishika kamba ya mbwa, lakini kabla ya kuondoka akamwendea jumbe.

"Mtani wangu, ukimgusa mtoto huyu, siku yako nitakuja na mto wangu mwenyewe. Nitashuka, nitalala, na sitataka mbuzi."

Jumbe akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini hakumgusa.

Mbwa aliteremka, akageuka mara moja kumtazama Semeni, kisha akafuata harufu ya mahindi. Mpaka leo nguruwe hawasogei kule bondeni. Na mayai mlimani? Yaliendelea kupotea. Jumbe hajasema kitu.

Hadithi yangu imefika nyumbani. Asiyeipenda aje na fimbo. Mlango ninao, na nimeketi.