Chungu Kilichoomba Konzi

Paukwa!

Pakawa!

Walio wadogo wakae karibu na moto, walio wakubwa wasogeze kuni.

Hapo zamani za kale, Mkunde aliishi bondeni na baba yake, Shemdoe. Mama yake alikuwa amefariki. Ng'ambo ya kilima aliishi Bibi yake mzaa mama, peke yake, na macho yake yalikuwa yamefifia.

"Baba, tumlete Bibi," Mkunde alisema.

"Mwanangu, unga tunanunua kwa kibaba, wa leo leo, wa kesho kesho. Mdomo wa tatu tutaulisha nini?"

Mkunde akaenda jikoni. Jioni alipochota unga, chungu cha marehemu mama yake, kilichokaa pembeni na buibui wake, kikasema:

"Mkunde, Mkunde, nikumbuke."

Je, watoto, chungu husema?

Husema!

Basi Mkunde akatia konzi moja ya unga chunguni, iwe ya Bibi, akasonga uliobaki. Baba akala, akanawa, kana kwamba hakugundua kitu. Kesho vilevile, na keshokutwa. Konzi zikawa nyingi, wakapika hizo, na siku hiyo hawakununua unga. Senti za kibaba zikaingia chunguni.

Ikafika siku ya gulio. Kila gulio Baba alikunywa chai na maandazi kwenye kibanda cha Fisi. Alfajiri chungu kikasema:

"Mkunde, Mkunde, nikumbuke."

Mkunde akachemsha viazi vitamu, akajaza kibuyu chai ya mchaichai, akamfungia baba yake. Fisi alipomwona Baba akila gulioni, akacheka.

"Shemdoe, siku hizi unabeba chakula kama mchunga mbuzi?"

"Kapika mwanangu," Baba alisema, akaendelea kutafuna. Jioni akampa Mkunde senti za chai. "Ziweke na zile zako."

Kumbe alijua?

Alijua!

Kisha ukaja msimu wa njaa, mahindi yangali mabichi shambani. Wakala mlenda, wakala mlenda tena. Fisi akaja mlangoni na sufuria ya nyama, mvuke unapanda.

"Nipeni hizo senti za chai mnazoweka. Leo mtakula mpaka mlale chali."

Baba akameza mate. Mkono wake ukaenda chunguni. Mkunde akaitazama njia ya kilimani. Chungu kikasema polepole:

"Shemdoe, Shemdoe, nikumbuke."

Mkono ukasimama. Hivyo ndivyo mkewe alivyokuwa akimwambia, kila alipokwenda gulioni. Baba akafunika chungu.

"Nenda zako, Fisi. Humu mna chakula cha mama mkwe."

Mavuno yakaja, bei ikashuka, na zile senti zikanunua gunia zima la mahindi. Wakapanda kilima. Baba akabeba mkeka na kigoda, Mkunde akamshika Bibi mkono.

"Nitawapunguzia chakula, wanangu," Bibi alisema.

"Chako tumekuwekea, Bibi."

Jioni hiyo Bibi akataka kusonga mwenyewe. Akapapasa unga, na kabla ya kuumimina, akatoa konzi moja, akatafuta chungu kwa mkono, akaitia.

"Bibi, hiyo ya nani?"

"Ya atakayekuja, mjukuu wangu."

Mkunde akatega sikio. Chungu kilikuwa kimya. Hakikuwa na haja ya kuomba tena.

Nanyi mkipika, wekeni kidogo kabla hamjala, maana hicho kidogo kina mtu anayekingoja. Hadithi yangu imeishia hapo, makaa nimewaachia muote.