Blanketi la Mjukuu wa Shekalaghe

Msibishe, nilikuwepo mwenyewe, tena nimesimama mbele ya wote.

Bi Zafarani alifuma viblanketi vya watoto wachanga pale soko la Lushoto. Siku hiyo akaja Mzee Shekalaghe, mwenye malori, kumtafutia mjukuu wake zawadi.

"Elfu thelathini? Kwa kitambaa cha kufunikia kitoto kama paka?"

"Sufu ni ghali, baba yangu."

"Elfu tano! Ukikataa, nawatangazia akina mama wote kwamba unauza matambara."

Bi Zafarani akashusha pumzi. "Haya, mzee. Lakini hiyo ni bei ya ufundi tu. Uzi haumo."

"Ufundi ndio ninaoutaka!" Mzee akacheka, akatupa noti, akalitundika blanketi begani na kuondoka kwa mwendo wa bwana harusi.

Bi Zafarani akabaki ameketi, mikono ikizungukazunguka mapajani.

Sokoni watu walicheka. Mzee akadhani wanamshangilia, akawapungia mkono. Nyuma yake mbuzi alirukaruka kama anaruka kamba. Alipofika kwa mkwewe akasema, "Pokea!" Mkononi alikuwa na kipande kama utambi wa taa, nacho kikamponyoka kikatoka mlangoni chenyewe.

Akarudi sokoni akihema. "Blanketi langu liko wapi?"

Bi Zafarani alikuwa amekumbatia donge la uzi kubwa kama boga.

"Ncha ya mwisho sikuifunga, mzee. Uzi wangu nimeuvuta. Ufundi wako, je, hukufika nao?"

Mzee akalipa elfu thelathini, akaketi kungoja lifumwe upya.

Yote kweli tupu. Mbuzi tu ndiye niliyemwongeza mimi.