Kiboko Aliyetaka Kuridhia Kila Kokoto

— Niwaambie?
— Tuambie!
— Nikikosea?
— Tutakurudisha!
— Nikitia chumvi?
— Tutaitema!
— Basi kaeni. Hii haina chumvi.

Siku ya tisa ya mwezi wa pili wa kiangazi, saa nne asubuhi, mtoto wa swala alikufa hatua arobaini kutoka kwenye maji. Maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni kibali.

Sheria ilikuwa ya Mtemi Kiboko. Hakuna mnyama atakayekunywa wala kuteka maji ya bwawa bila kibali. Kibali kitatolewa bwawani tu, si mahali pengine. Kitatolewa na Mtemi mwenyewe, akiisha kuamka. Siku hiyo Mtemi aliamka adhuhuri. Kanga aliona. Mbuni aliona. Mama wa yule mtoto alisimama pale pale mpaka jua likapinda, kisha akaondoka na kundi.

Bibi Pimbi naye aliona, kutoka juu ya jabali lake. Kazi yake haikuwa kusema. Kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Nchi ile ilikuwa na desturi. Kila baada ya viangazi saba, koo zote zilichagua Mtemi. Kila mnyama mzima alipewa kokoto mbili za mtoni, moja nyeusi, moja nyeupe. Aliyoitaka aliitumbukiza katika ufa wa jabali: ti, ti, tiii, mpaka chini. Aliyoikataa aliirudisha mtoni. Ufa ule ulikuwa mwembamba. Mguu wa mkubwa haukuingia, mkonga haukufika. Pimbi peke yake aliweza kushuka na kupanda. Ndiyo maana msimamizi wa hesabu alikuwa pimbi, na alichaguliwa na koo zote, si na Mtemi.

Tena msimamizi hakulishwa na mtu mmoja. Msimu wa kura ulipofika, kila ukoo ulimletea kinywa kimoja cha majani. Kimoja tu, hakizidi. Tembo alileta kinywa kimoja, digidigi alileta kinywa kimoja. Cha tembo kilimtosha Bibi Pimbi siku tatu. Cha digidigi alikimaliza amesimama. Vyote alivipokea kwa neno lile lile: "Nimekula kwenu."

Mwaka huo kokoto nyeusi ilikuwa ya Kiboko. Nyeupe ilikuwa ya Kongoni, mama mmoja asiye na maneno mengi, ambaye alisema jambo moja tu mbele ya koo: akichaguliwa, upande wa chini wa bwawa utafunguliwa.

Zikabaki siku kumi. Fisi, msemaji wa Mtemi, akaja jabalini.

"Hodi hapa!"

"Karibu," akasema Bibi Pimbi. "Ila usipande."

"Dada yangu, umekonda. Mtemi amekuonea huruma. Kuanzia leo utakula ukingoni mwa bwawa, majani mabichi, asubuhi na jioni. Hayo mambo ya kuombaomba vinywa vya watu hayakufai, mtu mzima kama wewe."

Bibi Pimbi akatazama bwawa. Akatazama ufa. Akasema, "Mshukuru Mtemi. Mwambie nimekula kwao, koo zote."

Fisi akaondoka.

Zikabaki siku sita. Fisi akaja tena.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Usipande."

"Dada yangu, jabali lina nyufa, kokoto zitapotea. Mtemi ametengeneza mtungi. Mpana, mzuri, shingo kubwa. Mtungi utawekwa kwake bwawani. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa kokoto, jamani! Hii-hii-hii! Wa nani mwingine?"

Bibi Pimbi akatazama bwawa. Akatazama ufa. Akasema, "Mshukuru Mtemi. Mwambie ufa unatosha."

Fisi akaondoka.

Zikabaki siku mbili. Fisi akaja mara ya tatu, na safari hii hakubisha hodi. Alipanda mpaka katikati ya jabali, akaketi.

"Imetoka sheria," akasema. "Msimamizi hatatangaza hesabu mpaka Mtemi aridhie."

"Na asiporidhia?"

"Utahesabu tena, mpaka aridhie." Fisi akajilamba mdomo. "Mjomba wako alihesabu kabla yako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mlisema aliteleza."

"Ndivyo tulivyosema," akasema Fisi, na hakucheka.

Mpo?

— Tupo!

Basi sikilizeni. Bibi Pimbi alikuwa na watoto wawili ndani ya mwamba, na alisikia pumzi zao. Aliogopa. Wapo wanaosimulia kwamba hakuogopa; si kweli, Kanga alimwona akitetemeka. Kisha akainamisha kichwa.

"Sheria ya Mtemi nimeisikia. Nina wasiwasi mmoja tu, kaka yangu. Ridhaa ya Mtemi ni kitu kikubwa. Mtairusha mara moja tu, mwisho, kwa jumla, kama mtu anayefukuza nzi?"

"Unataka nini?"

"Aridhie kila kokoto. Nikitoa moja, aseme. Nikitoa nyingine, aseme. Nyeusi akiiridhia, ihesabiwe. Asiyoiridhia iwekwe kando, tuirudie mwisho, atoe sababu."

Fisi akainua sikio. "Nitasema mimi kwa niaba yake."

"Hapo sasa," akasema Bibi Pimbi. "Koo zote zitakuwapo. Wakisikia ridhaa inatoka kinywani mwako, wataulizana Mtemi ni nani kati yenu."

Fisi hakulipenda neno hilo, lakini ilimbidi alipeleke.

Kiboko alilisikia akiwa ndani ya maji mpaka machoni. Akapumua, mapovu yakatoka, bub, bub, bub.

"Kila kokoto?"

"Kila kokoto, Mtemi. Kwa kinywa chako. Lakini amesema pia kwamba ukiondoka jabalini kabla ya ile ya mwisho, itahesabika umeziridhia zote zilizobaki."

"Niondoke niende wapi? Nani atanitoa?"

"Ni mchana, Mtemi. Kuna jua."

"Jua nalo ni raia wangu," akasema Kiboko. "Andaa mpiga mbiu. Tangaza."

Masharti yote yakatangazwa, mara tatu, mbele ya koo zote, kwa jina la Mtemi.

Siku ya kura ilipita salama. Siku ya hesabu, saa mbili asubuhi, Kiboko alitoka majini akapanda jabali. Puu! Puu! Puu! Viangazi saba alikuwa hajatoka majini mchana. Ngozi yake ilikuwa inang'aa. Akasimama juu ya mwamba mtupu. Jabali lile halikuwa na mti wala nyasi. Wakubwa walikuwa hawajawahi kulitaka, kwa sababu hiyo hiyo.

Bibi Pimbi akashuka ufani. Akapanda na kokoto moja. Akafanya kama desturi inavyotaka: akaiinua mashariki, akaiinua magharibi, akaiinua kaskazini, akaiinua kusini. Kila upande ukajibu, "Tumeona!" Kisha akamgeukia Mtemi.

"Nyeusi, Mtemi."

"Naridhia!"

Akashuka. Akapanda. Mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. "Tumeona!"

"Nyeupe, Mtemi."

"Siridhii!"

Ikawekwa kando.

Akashuka. Akapanda. Nyeusi, naridhia. Nyeupe, siridhii. Nyeupe, siridhii. Kiboko alifurahi. Alipenda kusikia sauti yake ikirudi kutoka vilimani. Alipenda kuona koo zote zikisubiri kinywa chake. Kufika saa tatu alikuwa anavuta maneno: "Naaa-riii-dhia!"

Saa nne, mwamba ulianza kupata moto. Pimbi hukaa juani kila asubuhi ya maisha yao. Bibi Pimbi hakuhisi kitu.

Saa tano, Kiboko aliacha kuvuta maneno. Alikuwa anainua mguu huu, anashusha, anainua ule.

"Fanya haraka, wewe!"

"Mtemi, bado kusini hawajaona."

"Tumeona!" wakajibu wa kusini, taratibu sana.

Saa sita kasorobo, ngozi ya Kiboko ilitoka jasho jekundu mgongo mzima. Fisi alikuwa ameshajipatia kivuli, nacho ni kivuli cha Mtemi mwenyewe.

"Maji!" akanguruma Kiboko. "Nileteeni maji!"

Hakuna aliyecheka. Akatoka mama mmoja katika kundi la swala, akasogea mpaka chini ya jabali. Alikuwa ndiye yule wa siku ya tisa.

"Tungekuletea, Mtemi," akasema. "Bwawa liko pale. Tatizo letu ni kibali."

"Nimewapa kibali!"

"Kibali hutolewa bwawani, Mtemi. Si mahali pengine. Nami siku ile nilikuwa hatua arobaini tu."

Kiboko akamtazama. Akamtazama Fisi. Fisi akatazama kwato zake, ingawa hana kwato.

"Nitauvunja ufa huu!" akasema Kiboko, akapiga mguu. Jabali halikutikisika. Mguu wake haukuingia.

"Nyeupe, Mtemi," akasema Bibi Pimbi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. Mkononi alishika kokoto ya mia mbili na nne.

Kiboko akatazama bwawa. Akageuka.

"Mtemi!" Fisi akapiga kelele. "Ukiondoka umeridhia! Mtemi, masharti! Mtemi!"

Puu! Puu! Puu! Puu! Akateremka jabali, akapita katikati ya koo zilizompisha, akajitupa bwawani. Chubwi! Mawimbi yakapiga ukingo, yakarudi, yakatulia.

Saa sita na robo ilikuwa. Mbuni na Kanga wanakubaliana juu ya saa hiyo.

Fisi akataka kupanda ufani kuzuia hesabu. Tembo akasogea hatua moja, akasimama njiani. Hakumgusa. Fisi akarudi nyuma.

Bibi Pimbi angeweza kwenda haraka sasa. Hakwenda haraka. Akashuka, akapanda. Mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Alizitoa zilizobaki mia moja na saba, moja baada ya moja. Zile zilizowekwa kando akazirudia pia, kokoto mia moja ishirini na tatu, kila moja pande nne. Hapakuwa na mtu wa kutoa sababu ya kuzikataa.

Saa kumi na moja jioni alitangaza. Nyeusi, mia moja na kumi na nane. Nyeupe, mia moja tisini na tatu. Jumla, mia tatu na kumi na moja, sawa na kokoto zilizotumbukizwa.

Kabla jua halijazama, kundi la swala lilishuka upande wa chini wa bwawa. Walikunywa. Kiboko alikuwa ng'ambo, pua tu ikionekana.

Mnataka funzo? Lipo. Enyi wakubwa, mkitaka kuingilia hesabu ya kura, ngojeni siku ya mawingu. Na msimamizi mlisheni nyinyi peke yenu, asubuhi na jioni, majani mabichi, mpaka anenepe asiingie tena ufani. Hapo hesabu itakuwa ya amani, na hakuna atakayesimama juani.

— Nimekosea?
— Hujakosea!
— Nimetia chumvi?
— Hatujaionja!
— Basi nautua mzigo. Limebaki jambo moja, nalo lilishuhudiwa na wawili.

Mwezi wa tatu wa utawala wake, Mtemi Kongoni alimpelekea Bibi Pimbi furushi la majani mabichi kutoka ukingoni mwa bwawa, pamoja na salamu za shukrani. Furushi lilirudishwa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, halijafunguliwa.