Matone ya Bwana Hamud

Mwaka ule wa 1931, Kariakoo nzima ilijua kuwa Bwana Hamud, muuza nguo, anamwoza binti yake Amna. Lililojulikana na mkewe Zeina peke yake ni kwamba miguu ya bwana huyo imefura hata makubadhi hayaingii, na moyo wake unakwenda mrama, mara mbio, mara unasita.

Daktari mmoja wa Uhindini alimpima, akampa dawa ya matone. "Moyo umechoka, na mapigo yamepoteza mpango," alimwambia Zeina. "Dawa hii itayatuliza. Lakini ikizidi ni sumu. Akitapika, au akiona vitu vya njano, aache siku hiyohiyo, uje uniite."

Wiki ya kwanza Hamud alipata nafuu. Wiki ya pili akaanza kutapika kila asubuhi. Kisha akamgombeza dobi kuhusu kanzu ya harusi. "Nimekupa nyeupe pe, unaniletea ya njano!" Zeina aliitazama kanzu. Ilikuwa nyeupe kama tui.

"Bwana, twende kwa daktari," alimsihi walipobaki wawili.

"Akinilaza je? Wakwe wakisikia, watavunja harusi. Nyamaza, mama Amna. Ni siku nane tu."

Zeina akamtii. Alipokwenda kuchukua chupa nyingine, daktari alimwuliza, "Anatapika? Na macho je?"

"Hajambo kabisa," alijibu, akitazama chini. "Ila miguu bado imevimba."

"Basi aongeze matone matano," alisema daktari, maana hakuwa na sababu ya kumshuku.

Hamud aliongeza. Siku ya tatu, akimpimia mteja kaniki, alianguka dukani. Daktari alipofika, moyo ulikuwa umeshasimama. Aliuliza maswali yaleyale, na safari hii Zeina alisema yote. Daktari akavua miwani, asimlaumu hata kidogo. Afadhali angemlaumu.

Wakwe walikuja matangani. Bi Fakhriya, mama wa bwana harusi, alimshika Zeina mkono. "Mwenzangu, mbona hamkutuambia? Harusi ingengoja hata mwaka mzima."

Hapo ndipo Zeina alipoangua kilio. Alikuwa amewaficha maradhi ya mumewe watu ambao wangemngojea, na mtu pekee ambaye angemwokoa. Sasa mtaa wote ulijua, na kujua kwao hakukumfaa Hamud kitu. Ama kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.