Mjusi Asiyeitika

Mlio macho, sikilizeni. Mnaosinzia, oteni nami.

Hapo kale ziwani alikaa jini mpole. Ukipiga hodi ili uvuke, alikujibu, "Karibu," maji yakafunguka, ukawa mgeni wake milele.

Siku moja Mjusi alikuwa na mizizi ya dawa kinywani, na ng'ambo mama yake anatetemeka kwa homa. Hodi angeipigaje? Akainuka kwa miguu ya nyuma, akatimka juu ya maji.

"Nani?" jini akauliza kiusingizi. Kimya.

"Nani wewe?" Kimya.

Mara ya tatu jini akaita kwa sauti ya mama yake Mjusi: "Mwanangu!"

Mjusi, aliyelelewa akaleleka, alitamani kusema, "Labeka." Mbio zikapungua, unyayo ukaanza kuzama. Akaiuma dawa, akafika.

Mama akapona. Basi ukimwona mjusi akikimbia juu ya maji, usimwite. Ana adabu yule, ataitika.